Sauti Bila Picha

Techiman, 3 Machi 2008

Dada yangu Fosuaa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili. Mjomba Agyei yupo, anakohoa na kugombana kama kawaida yake, na amenituma nikuambie kwamba ukoo wote unakusalimu, hata wale ambao hukuwapenda. Mvua bado. Viazi vikuu vimepanda bei sokoni hadi watu wanakula mihogo na kudai wameipenda wenyewe.

Tumemzika Mama. Unalijua, kwa kuwa nilikupigia, ingawa kwenye simu sisi wawili humaliza vocha kwa kuulizana "unanisikia?" Tulimweka mochwari muda mrefu tukikungoja. Najua kibali chako cha kazi kilikwama kwenye ofisi zao na kwamba ungevuka mpaka usingeruhusiwa kurudi. Waliouliza niliwaeleza. Baadhi walielewa.

Ndani ya bahasha hii kuna diski. Video nimepiga mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, toka Mama alipolazwa sebuleni watu wamuage mpaka ibada ya shukrani ya Jumapili. Mjomba alinifokea mbele za watu: "Mtoto wa marehemu hukaa kitini watu waje wampe mkono! Wewe unakimbizana na waya kama fundi redio!" Lakini kazi hiyo ningemwachia nani? Nkansah wa barabara ya Kintampo? Unamjua Nkansah, anavyokata watu vichwa. Kuna bibi harusi alimpiga picha akaonekana kuanzia kidevuni kushuka chini, mama mkwe akaenda dukani kwake na mwiko. Nilitaka uone kila kitu sawasawa, dada, kama uliyekuwepo.

Mbaya ni sehemu moja tu. Makaburini, jeneza likishashushwa, picha imeganda na sauti imekorogeka. Ni kasoro ya programu niliyotumia kuigeuza kanda kuwa diski. Ukifika hapo, ruka mbele.

Chumba cha Mama kimefungwa na ufunguo anao Mjomba. Anasema hakifunguliwi mpaka binti wa marehemu, yaani wewe, aje afungue sanduku la nguo kwa mkono wake. Mimi nalala chumba cha pili, peke yangu kwenye nyumba nzima. Ukishaitazama, niandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Kwasi Twumasi


Tsabong, 11 Aprili 2008

Kwasi mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na mchanga ndani, sijui uliingilia wapi, labda hapa hapa posta. Huku kila kitu kina mchanga. Mimi sijambo. Wanafunzi wangu wa hesabu wamefanya mtihani na wameniaibisha. Wenzangu shuleni ni watu wema, wananiita Mma Fosuaa, wananiletea mtama uliopondwa na nyama. Lakini ikifika Ijumaa kila mtu huenda kwao, na nyumba za walimu hubaki na mimi na mbwa wa mlinzi.

Mshukuru Mjomba kwa salamu. Mwambie anywe maji ya tangawizi. Na wewe unakula nini? Usiniambie mkate na chai.

Kuhusu diski. Nimeiweka kwenye mashine ya jirani, inazunguka, inanguruma, halafu inaandika kwamba haiwezi kuisoma. Nadhani mashine za huku na diski za huko hazielewani. Samahani sana, najua umehangaika. Usijisumbue kunitumia nyingine, gharama za posta ni kubwa.

Dada yako,
Fosuaa


Techiman, 9 Mei 2008

Dada Fosuaa,

Nyumbani hatujambo. Mvua imekuja, na paa la jikoni limenikumbusha kwamba Mama alikuwa akiniambia nilitengeneze. Nakula vizuri. Juzi nilijitwangia fufuo mwenyewe, ile mihogo ya kutwanga inayotaka watu wawili kinuni, nikatwanga na kugeuza peke yangu kwa mkono mmoja mmoja. Jirani akachungulia ukutani akaniuliza kama nimeoa mzimu.

Usiniambie nisijisumbue. Hii ndiyo kazi yangu, na diski yangu hainishindi. Nimeamua kukutumia video kama faili uitazame kwenye kompyuta ya shule. Sasa sikia yaliyonipata. Programu ya kugeuza ya zamani ilikuwa na virusi, nikaifuta. Nikasakinisha nyingine, nikaiacha ifanye kazi mchana kutwa, umeme ukakatika ikiwa karibu kumaliza. Nikaanza upya. Ilipokwisha nikawaita Mjomba na shangazi zetu waje watazame. Kumbe ni toleo la majaribio! Katikati ya picha limeandikwa neno kubwa jekundu, NUNUA, limekaa kwenye paji la uso la Mama mwanzo mpaka mwisho. Mjomba akasimama na fimbo yake: "Nani anamuuza dada yangu?"

Nikatafuta programu ya tatu. Hiyo haikuandika kitu, ila ilibana picha pande zote mbili, Mama akawa mwembamba kama msichana wa kwaya. Mjomba tena: "Mlikuwa mnamlisha nini huyu?" Nikarekebisha upana. Sasa Mama ni Mama, na mashavu yake.

Shangazi mmoja alinishauri niikate ile sehemu iliyoganda makaburini. Nilijaribu, nikashindwa. Iache tu, ukifika hapo ruka.

Wanaulizia kumbukumbu ya mwaka, Februari. Mjomba anasema usipokuja atampa binti wa shangazi ufunguo, kwa sababu chumba cha marehemu hakiwezi kukaa gizani milele. Nimemwomba asubiri.

Kwasi


Tsabong, 20 Juni 2008

Kwasi,

Nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Baridi ya huku haina aibu, usiku maji ya ndoo yanakuwa na ngozi juu. Natumaini homa za mvua hazijakufikia. Nimecheka peke yangu kwa habari ya fufuo, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu hapakuwa na wa kumsimulia.

Diski ya pili imefika. Mwalimu wa kompyuta, Rra Mothibi, aliniruhusu nikae maabara Jumamosi. Kompyuta imelisoma faili, na sauti inatoka vizuri kabisa, lakini picha hakuna. Kioo ni cheusi. Nilisikia ngoma, nilisikia Mchungaji, nilisikia akina mama wa sokoni wakiimba. Nilikaa pale mbele ya kioo cheusi mpaka mwisho.

Kwa kuwa sikuona picha, sikujua ni wapi pa kuruka.

Kwasi, makaburini kuna mtu analia. Yuko karibu sana na kamera, karibu kuliko watu wengine wote. Ni nani?

Na Mjomba anaumwa? Amekonda mno, lile bega la kushoto limeshuka. Mpeleke hospitali hata akikataa.

Fosuaa


Techiman, 25 Julai 2008

Dada,

Salamu. Mjomba nilimpeleka hospitali, akamwambia daktari kwamba yeye hakuja kwa ajili ya kupimwa bali kumtazama daktari. Amepewa dawa za kifua. Dukani kazi ni chache. Watu wananunua simu zinazopiga video zenyewe, kila mpwa sasa ni mpiga picha.

Tatizo lako nalijua. Ni kodeki. Video hufungwa kwa namna yake, kama mzigo, na kodeki ndiyo inayojua kuufungua. Kompyuta ya shule ina ya kufungua sauti, ya picha haina. Nimekutumia diski ya tatu yenye kodeki zote. Fanya hivi. Mwombe Rra Mothibi aingie kwa neno la siri la msimamizi, bila hivyo kompyuta itakukatalia. Kama kuna kodeki za zamani zitolewe kwanza, zikichanganyika zinapigana. Sakinisha hizi za kwangu. Ikikuuliza kama unataka na vikorokoro vingine, kataa, kataa tena. Zima kompyuta, iwashe, ndipo ufungue faili. Kama bado ni nyeusi, kwenye diski nimeweka programu nyingine ya kuchezea video, yenye kodeki zake tumboni, haihitaji mtu. Usikate tamaa na usiruke hatua.

Kuhusu sauti uliyosikia, ni mchanganyiko tu. Programu ilikoroga pale. Huenda ni mmoja wa akina mama wa sokoni.

Siku hizi nakaa barazani jioni kwa sababu ndani ni kimya. Nikipita mlangoni kwa Mama bado nainama kidogo kusikiliza kama amelala.

Kwasi


Tsabong, 2 Septemba 2008

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia Mjomba anapata dawa. Sisi tumo katika upepo wa mchanga, tunafundisha madirisha yakiwa yamefungwa.

Diski ya tatu imefika. Rra Mothibi amesafiri na neno la siri analo yeye. Akirudi tutajaribu.

Kwani huwezi kunisimulia tu? Niandikie kwa mkono wako siku ile ilikuwaje. Na wewe ulikuwa wapi, ulikaa na nani. Hilo hujaniandikia hata mara moja.

Fosuaa


Techiman, 14 Oktoba 2008

Dada Fosuaa,

Hatujambo, natumaini hujambo.

Leo nina hasira na sitaki kuificha. Tangu Machi ninageuza, ninachoma diski, ninabandika stempu. Mara mashine haisomi, mara kioo cheusi, mara mwenye neno la siri kasafiri. Nimekuwa kama mwendawazimu, nawauliza wateja wangu mambo ya kodeki wakati wamekuja kupiga picha za pasi.

Mwezi wa sita uliniandikia kwamba Mjomba amekonda na bega lake limeshuka. Hakuna aliyekuambia. Mimi mwenyewe sikuwa nimeona mpaka uliposema. Kama diski ya kwanza haikusomeka na ya pili ilikuwa sauti tupu, wewe ulijuaje? Sauti haikondi, dada.

Niliona nikanyamaza. Nilisema labda una sababu zako. Lakini Mjomba ameshaanza kuuliza binti wa shangazi ana nafasi lini. Kama hutaki kuja, sema hutaki. Kama hutaki kumtazama Mama, sema. Diski nyingine sitatuma.

Umeniuliza siku ile nilikaa na nani. Nilikuwa kazini.

Kwasi


Tsabong, 7 Desemba 2008

Kwasi wangu,

Nakusalimu kwa uzito wa moyo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Wanafunzi wamefunga shule, nyumba za walimu zimekuwa tupu, na hata mbwa wa mlinzi ameondoka na mlinzi wake. Najipikia, nazungumza na sufuria.

Umesema kweli. Diski ya kwanza ilisomeka. Niliiweka siku ile ile ilipofika, jirani akaniachia nyumba akatoka, nikamwona Mama amelala katika nguo nyeupe na dhahabu zake, nikazima. Kesho yake nikawasha tena, nikamaliza. Halafu nikakuandikia kwamba mashine haisomi. Unajua kwa nini? Kwa sababu kama haikusomeka, basi Mama yuko jikoni bado, anasaga karanga zake, ananing'ang'ania kwa simu niolewe. Kibali changu nacho kilitoka Septemba. Sikukuambia. Niliogopa ule ufunguo. Nikifungua chumba chake nikakuta kitanda kitupu, nitafanyaje tena kusema haisomeki?

Lakini diski ya pili sikukudanganya. Ilikuwa sauti bila picha, kweli kabisa. Ile ya kwanza nilikuwa nimekutii, nilipofika makaburini nikaruka. Ya pili sikuona pa kuruka, nikasikiliza. Nikasikia mtu analia na kwikwi, analia halafu anavuta pumzi kwa vipande vipande kama anayejizuia. Kwasi, nilikubeba mgongoni. Kilio hicho nakijua tangu hujaota meno. Nilipokuuliza ni nani, ukanijibu akina mama wa sokoni.

Nikarudi kwenye diski ya kwanza, safari hii sikuruka. Uliniambia hapo programu iliganda. Haijaganda. Ni picha ya ardhi, na kandambili ya mtu, na majani. Majani yanatikisika. Upepo unapita, siafu mmoja anapanda juu ya kandambili na kushuka. Uliweka kamera chini, mdogo wangu. Uliiweka chini ukalia, na hakuna mtu aliyekuja kukushika. Nilisubiri nione miguu ya mtu ikija upande wako. Haikuja.

Tangu hapo nimekutafuta kwenye video yote. Hupo. Mbele kabisa, karibu na jeneza, kuna viti viwili vya plastiki walivyotuwekea watoto wa marehemu. Kimoja changu, kimoja chako. Vyote viwili ni vitupu. Mtu asiyetujua akitazama atasema Mama Konama hakuzaa.

Kodeki zako nilizisakinisha zote, Rra Mothibi alirudi wiki ile ile. Maelekezo yako yalikuwa sahihi, hatua kwa hatua. Picha ilitokea. Sikukuambia kwa kuwa nilijua ukimaliza kunielekeza utaacha kuniandikia, na barua zako nilikuwa nazisoma kwa sauti nikila, ili pawe na watu wawili mezani.

Mwambie Mjomba asimpe mtu ufunguo.

Dada yako,
Fosuaa


Techiman, 12 Januari 2009

Dada Fosuaa,

Salamu za mwaka mpya. Mjomba ni mzima, kikohozi kimepungua, ugomvi umeongezeka. Nilimsomea sehemu ya barua yako, si yote. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akaupangusa kwa nguo yake na kuurudisha alikoutoa. Akasema: "Mwambie huyo msichana kufuli lina kutu, aje na mikono yenye nguvu." Binti wa shangazi ameambiwa asisumbuke.

Nilikukasirikia kwanza. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi nikiongea peke yangu. Diski tatu, dada! Na ile programu ya NUNUA! Halafu nikakaa barazani, nikacheka mpaka jirani akachungulia tena ukutani.

Ni kweli, niliiweka chini. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikishika kamera sitalia, kwa sababu ukilia mkono unatikisika na picha inaharibika. Mpaka jeneza lilipogusa chini niliweza. Halafu sikuweza. Na watu waliona mtu wa video ameinama, wakadhani anabadilisha betri. Wakanipita. Mimi mwenyewe nilivaa fulana ya kazi yenye jina la duka mgongoni, wangejuaje? Baadaye nilipokuwa naikata video nilifika pale na kidole kikakataa. Ndipo nikatunga habari ya kuganda. Hujawahi kuona nyumba ilivyo kimya, dada. Kukufundisha kusakinisha kodeki ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu ya mwaka mzima.

Nimeshakwenda kwa Nkansah. Ndiyo, Nkansah. Nimemkodi yeye kwa kumbukumbu ya mwaka, na kamera yangu nimemwazima, na betri nimemchajia mwenyewe kwa sababu simwamini hata kwa hilo. Aliniuliza anipige vipi. Nikamwambia akate vichwa apendavyo, akate hata cha Mjomba, ila vile viti viwili vya mbele asiviache.

Paa la jikoni nimelitengeneza. Njoo, mimi nitakaa kitini.

Kwasi